Linda kizingiti cha gari kabla kutu haijaingia

Kwetu sisi tunaopitisha bidhaa Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, gari ndilo mtaji. Mnunuzi mjanja hufungua mlango na kutazama kizingiti, pale tunapokanyaga tukiingia, ndipo aulize bei. Viatu na magunia vikikwangua rangi, bati hubaki wazi na kutu huanza.

Mimi hubandika hapo plastiki angavu ya kunata. Naosha kizingiti kwa sabuni, nakikausha, kisha napangusa kwa spiriti ili mafuta yatoke. Nakata plastiki kwa kipimo na kuzungusha pembe zake zisinyanyuke. Nanyunyiza maji yenye matone ya sabuni niweze kuisogeza, halafu naipitishia kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni, hadi maji na hewa vitoke. Nasubiri siku nzima kabla ya kupakia mzigo.

Ndugu msomaji, usibandike juu ya kutu, maana itaendelea kula bati chini kwa chini. Ikwangue kwanza, upake rangi, ikauke kabisa. Wala usizibe vitundu vya kutolea maji. Nawe unayerejea nyumbani na gari lako moja, libandike kabla hujapakia gunia la kwanza.