Mstari wa Mume

Asubuhi ya kliniki ya wajawazito ina mpangilio wake. Benchi hujaa kuanzia upande wa ukuta, kadi hupangwa mezani kwa zamu ya kufika, na muuguzi huanza kuita majina. Wilayani Serengeti, mkoani Mara, kuita majina peke yake ni kazi: ukiita Bhoke Chacha wanaweza kusimama wawili, na Ghati Mwita akaitikia kwa sababu alisikia vibaya. Siku niliyokaa katika zahanati moja huko, ambayo haina haja ya kutajwa, aliitwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alipoinuka, nyuma yake akainuka pia bibi mmoja mwenye fimbo.

“Umekuja na mume wako?” muuguzi aliuliza.

“Nimekuja naye.”

“Yuko wapi?”

“Huyu hapa,” binti akasema, akimwonyesha bibi.

Benchini hakucheka mtu. Aliyeshtuka ni muuguzi peke yake, kijana mgeni aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine. Aliitazama kadi, akamtazama bibi, akarudi kwenye kadi. Mstari wa mume au mwenza akauacha wazi, kisha akasema maneno ambayo kila mwanamke anayekwenda kliniki peke yake anayajua: nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akuandikie barua kwamba huna mume, apige muhuri, urudi nayo.

Kwa msomaji wa mbali, jambo hili lina jina na lina umri mrefu. Kwa Wakurya linaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake aliye kijana. Hawaishi kama wapenzi. Kijana huzaa na mwanamume wa nje, na watoto ni wa mji wa yule bibi: wanabeba jina lake, watarithi shamba lake, na mlango wake hautafungwa atakapokufa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mbele yake wawili hawa ni majirani wanaochangia jiko. Ng'ombe waliotoka hawakuisoma sheria hiyo.

Sitaki kuipamba ndoa hii. Wapo waliokimbilia nyumba ntobhu kwa sababu nyumba ya mwanamume ilikuwa na fimbo kuliko chakula. Wapo pia mabinti walioozwa humo wakiwa watoto kwa sababu baba zao walihitaji ng'ombe, na hawakuulizwa lolote, hata mwanamume wa kuzaa naye. Ninachosema ni kidogo kuliko hayo: ndoa hii ipo, ina wajawazito, na wajawazito hao wanakuja kliniki.

Utaratibu wa kumtaka mume nao ulikuwa na akili yake. Mjamzito akipimwa virusi vya UKIMWI peke yake, kazi imefanyika nusu. Mwenza wake naye akipimwa, mama analindwa, mtoto analindwa, na mwanamume aliyezoea kuiona zahanati kwa nje anaingia ndani. Tatizo ni kwamba agizo zuri la kuwashawishi wanaume, likifika mezani kwa muuguzi aliyechoka, hugeuka sharti kwa wanawake. Katika sehemu mbalimbali za nchi zimesikika habari za wajawazito waliomlipa dereva wa bodaboda awe mume kwa saa moja. Dereva anapimwa, anapata majibu yake, anarudi kijiweni akiwa mtu pekee aliyefaidika na zoezi hilo kwa njia mbili.

Tumezoea kuzungumza juu ya “utamaduni na afya” kana kwamba utamaduni unakaa kijijini na afya inakaa zahanati. Semina hufunguliwa na kufungwa kwa maneno hayo. Lakini kadi ya kliniki nayo ina ukoo wake. Inaamini kwamba mgonjwa ni mtu mmoja, kwamba mwenye mwili ndiye mwenye uamuzi, na kwamba kila mimba ina mwanamume anayeweza kuandikwa kwenye mstari mmoja. Hizo ni imani kama imani nyingine, isipokuwa zimechapishwa.

Wenzetu wa mbali wameliona hili mapema. Auckland, nchini New Zealand, Watonga waliohama visiwa vyao wana zahanati zinazoendeshwa na Tongan Health Society na kufahamika kwa jina la Langimalie. Humo mgonjwa hupokelewa kwa lugha yake, na familia huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Watu wa Pasifiki waishio huko wana hata mchoro wa kufundishia watumishi wa afya, unaoitwa Fonofale, uliobuniwa na Fuimaono Karl Pulotu-Endemann. Ni nyumba: msingi wake ni familia, paa lake ni utamaduni, na nguzo zinazolishika paa ni mwili, akili, roho, na yale mengine yanayomgusa mtu kama umri, jinsia na kipato. Ukimtibu mtu nguzo moja ukaziacha nyingine, paa litakuja kukuangukia wewe mganga.

Mtu anaweza kusema Watonga wako ugenini, ndiyo maana wanahitaji mambo hayo. Mkurya yuko kwao. Nilidhani hivyo hadi nilipomwona bibi mwingine pale benchini akihojiwa. Muuguzi hajui Kikurya, bibi hajui Kiswahili cha kutosha, na mkalimani ni mjukuu wa kiume wa miaka kumi na miwili aliyechukuliwa ruhusa shuleni. Bibi anaulizwa tatizo. Anamtazama mjukuu, anatazama chini, anasema tumbo. Anaulizwa tumbo la juu au la chini. Anasema tumbo. Anaandikiwa dawa ya minyoo. Pengine kweli ana minyoo. Ila kuna mambo ambayo mwanamke wa Kikurya hawezi kuyapitisha mdomoni mwa mjukuu wake, na dawa ya mambo hayo haikuandikwa. Bibi huyu hajavuka bahari. Ametembea kutoka mji wake hadi zahanati ya kata, na tayari yuko ugenini.

Ndiyo maana watu wanapopata pengine pa kwenda, huenda. Mwaka 2011, upande wa pili wa hifadhi ya Serengeti, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita. Walikwenda wakulima, walikwenda na wakubwa wenye bima ya kuwatibu popote. Gharama yake ilikuwa kubwa: wapo waliotolewa vitandani hospitali wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi kwa kuamini wamepona. Lakini anayedhani watu wale walikwenda kwa ujinga tu ajiulize ni wapi pengine ambapo mgonjwa alipokewa pamoja na ndugu aliyemsindikiza, kwa bei moja, kwa sala, bila kuulizwa barua.

Hadi hapa msomaji anaweza kuona nimekwisha kuchagua upande: mila ni njema, zahanati ijirekebishe. Basi tuvuke kwenda kwenye kisu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2011, nayo haijali umri. Katikati ya sheria mbili kuna mpaka wa Sirari, ambao kwa ukoo wenye ndugu pande zote mbili ni barabara ya kwenda kwa shangazi. Msimu wa kukeketa hutangazwa na wazee wa mila, wale wa baraza la inchama, kwa kawaida kuelekea Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Tarime na Rorya zina kanda yao maalumu ya kipolisi, jambo ambalo wilaya nyingi nchini hazijabahatika kulipata. Bado ngariba hufika.

Huo nao ni utamaduni, na una kila sifa ambayo watu wa semina huisifu: unashirikisha jamii nzima, una wazee, una nyimbo, una chakula, unampa mtoto nafasi yake katika ukoo. Asiyepitia huitwa omosagane hata akiwa na shahada.

Kwa wavulana maelewano yalipatikana. Majaribio ya Kisumu, Rakai na Orange Farm yalionyesha kwamba tohara ya mwanamume inapunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mara ikawa miongoni mwa mikoa ya kampeni nchini. Mkurya hakuhitaji kushawishiwa kutahiri. Alichohitaji ni kuambiwa kwamba wembe mmoja usipite kwa vijana kumi, na kwamba kijana aliyechomwa sindano ya ganzi hajawa mwoga. La kwanza lilieleweka haraka kuliko la pili.

Kwa wasichana hakuna cha kuazima. Kile kisu hakina faida ambayo daktari anaweza kuihamishia wodini, na anayetaka kuona matokeo ya kujaribu atazame kwa jirani. Kisii, Kenya, kazi ya ngariba imechukuliwa kwa sehemu kubwa na wauguzi na watu wengine waliosomea afya: glavu safi, ganzi, msichana yuleyule, hasara ileile. Hiyo pia ni huduma ya afya iliyouheshimu utamaduni, tena iliuheshimu kuliko inavyostahili.

Waliofanya kazi ya maana katika wilaya za Serengeti na Tarime ni wale waliojua mila kwa ndani na wakajua pa kuikatalia. Rhobi Samwelly alikeketwa akiwa msichana mdogo na nusura afe kwa kutokwa na damu. Shirika lake la Hope for Girls and Women lina nyumba salama Mugumu, upande wa Serengeti, mahali ambapo wasichana hukimbilia msimu ukifika. Masanga, upande wa Tarime, kituo cha shirika la ATFGM hupokea wasichana msimu mzima, huwafundisha, na huwatoa kwa sherehe, ili mtoto arudi kwao akiwa amevuka hatua bila kupoteza kiungo. Wako pia watu wa kujitolea walioko nchi za mbali ambao, kupitia mradi wa Crowd2Map, wamechora njia na vijiji vya huku kwenye ramani kwa kutumia picha za setilaiti, ili anayekwenda kumwokoa msichana usiku asiulize njia kwa mjomba wa msichana huyo.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi si ramani. Ni kwamba nyumba salama haimalizi kazi kwa kumficha mtoto. Wazazi huitwa. Wanakaa na afisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia, wanazungumza, wanatia sahihi kwamba mtoto hatakatwa, ndipo anarudi. Wasiokubali, mtoto habanduki pale. Huo ni mkao ambao mzee yeyote wa Kikurya anautambua, kwa sababu ndivyo ugomvi wa ng'ombe unavyomalizwa. Mila imetumika kuishinda mila. Sijui semina iliyowahi kufundisha hivyo.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa nchi nzima, wawili kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Ukiniuliza, hapo ndipo mahali pa kuweka matumaini ya kiasi. Mhudumu wa kitongoji hahitaji mjukuu wa kutafsiri. Anajua nani amekimbia mji na nani amerudi, ng'ombe wa nani walitoka kwa ajili ya nani, na msichana gani amepelekwa kwa shangazi ng'ambo katika mwezi usio wa likizo. Anajua kwamba swali la “nani mume” halina kazi kama swali la “uchungu ukikushika usiku, nani ataamka akutafutie usafiri?” Akilipwa kwa wakati ataendelea kuyajua na kuyasema. Asipolipwa ataendelea kuyajua.

Yule binti alirudi karibu saa sita. Barua ilikuwa ya mistari mitatu: mtajwa hapo juu ni mkazi wa kitongoji changu, hana mume, apewe huduma. Sahihi, muhuri wa bluu. Mwenyekiti aliyeiandika ni mtu wa palepale, na sidhani kama arusi ile ilimpita bila kula nyama yake. Muuguzi aliisoma, akaiweka kwenye faili, akamwita binti ndani kupimwa. Mwanamume ambaye utaratibu wote ulitungwa kwa ajili yake hakuulizwa na mtu, si jina, si mahali alipo. Hakuwa mume, kwa hiyo hakuwa na mstari.

Barua hiyo aliyeileta mezani, kwa mikono miwili, ni bibi. Karatasi zote muhimu za mji wao hutunzwa na yeye.