Kitambaa cha Bei Nafuu, Sura ya Ghali

Kanzu nyingi nyeupe zinazovaliwa Nizwa, Ibra na Sur, nchini Oman, si za pamba tupu. Hushonwa kwa polyesta, mara nyingi iliyochanganywa na pamba au viskosi, na kitambaa cha Kijapani ndicho chenye sifa na bei kubwa. Cha bei ndogo nacho hupendeza, mradi mnunuzi atazame ufumaji wake kabla ya maandishi ya pembeni mwa jora. Kikiinuliwa kwenye mwanga, vidole visionekane. Kikifinywa ngumini, kisibaki na makunyanzi mengi. Mng'ao mkali wa kiplastiki ndio unaokiumbua upesi.

Katika soko la wanawake la Ibra, siku ya Jumatano, mtego ni tarizi ya mashine. Upande wa nyuma husema kweli: nyuzi zilizolegea hapo zitachomoka kwenye kufua. Ili kutambua aina ya kitambaa, uzi wake uchomwe: polyesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Pamba huwa jivu laini. Pamba iloweshwe kabla ya kukatwa, maana hunywea. Fedha iliyobaki imwendee fundi, kwani shingo iliyokaa vizuri pamoja na kishada chake kilichosukwa vyema huipandisha hadhi hata kanzu ya kitambaa rahisi.