Cheti cha Safari cha Pilipili Hoho

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Kila mtu ajua kwamba binadamu hawezi kuvuka mipaka ya nchi bila ya pasipoti. Lakini nadhani ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba pilipili hoho nayo, na bilinganya, na njegere, hata mchicha, haviruhusiwi kuingia katika nchi za Umoja wa Ulaya bila ya cheti. Cheti hicho huitwa cheti cha afya ya mimea. Nataka kueleza ni kitu gani, na kwa nini shehena nzima ya mboga nzuri, zisizo na sumu wala uozo, yaweza kuteketezwa kwa sababu ya kiwavi mmoja tu.

Ndugu msomaji, kwanza tuondoe dhana moja ambayo nimeisikia mara nyingi bwenini. Wengi husema, "Wazungu wanaogopa kula mdudu." Sivyo. Kiwavi aliyemo ndani ya hoho hamdhuru mlaji. Akipikwa pamoja na mchuzi utamla na hutaumwa, ingawa sikushauri ujaribu. Ziko sheria nyingine zinazohusu mabaki ya dawa za kunyunyizia, na hizo ni habari mbali. Sheria za afya ya mimea hazilindi tumbo la mnunuzi, bali zalinda shamba la mkulima wa nchi ile. Ndiyo sababu mboga zilizopikwa au kugandishwa kwa barafu hazidaiwi cheti hiki: mdudu aliyekufa hawezi kuzaa.

Jambo hili lilifundishwa ulimwengu kwa njia ya uchungu. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu wa viazi, uliotoka Amerika, uliingia katika nchi ya Ireland, ambako maskini walitegemea viazi kama sisi tunavyotegemea ugali. Viazi viliozea ardhini. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakahama nchi yao. Polepole serikali nyingi zilianza kutunga sheria za kuzuia mimea yenye wadudu na magonjwa, na mwaka 1951 ukakubaliwa Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Leo nchi zaidi ya 180 zimo ndani yake, na cheti hufuata mtindo mmoja kila mahali.

Basi cheti chapatikanaje? Hapa kwetu Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Mkaguzi hachukui neno la mfanyabiashara. Huchagua baadhi ya maboksi, akatazama majani chini na juu kwa kioo cha kukuzia, akapasua matunda kadhaa, akaangalia kama kuna udongo ulioganda, kwa kuwa udongo nao hubeba minyoo na vijidudu. Akiridhika huandika jina la mmea, kiasi chake, mahali ulikolimwa, na dawa au matibabu uliyopewa. Kwa Ulaya cheti kisitolewe zaidi ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini. Ukifika huko, wakaguzi wao husoma cheti, hulinganisha maandishi na mzigo, na huweza kupasua matunda tena. Wakimkuta mdudu aliyekatazwa, mzigo hurudishwa au huharibiwa, na habari hupelekwa katika nchi zote za Umoja huo. Hasara ni ya mpelekaji.

Mdudu aliyetusumbua sana sisi watu wa Afrika Mashariki katika biashara hii ni nondo mdogo wa rangi ya kahawia ambaye wataalamu humwita Thaumatotibia leucotreta. Huyu ni mzaliwa wa Afrika hii hii. Jike hutaga yai juu ya ngozi ya tunda. Kiwavi akiisha kuanguliwa hutoboa tundu dogo mno, aghalabu karibu na kikonyo, akaingia ndani na kula kwa raha zake. Kwa nje hoho yang'aa kama kawaida. Mkulima haoni, mchukuzi haoni, hata mkaguzi huweza asione mpaka apasue.

Huenda msomaji akauliza: nondo wa nchi ya joto atafanya nini kwenye theluji ya Uholanzi? Swali ni zuri. Lakini nchi za Umoja wa Ulaya ni soko moja, na boksi lililoshuka Amsterdam laweza kufika Hispania au Italia bila ya kukaguliwa mpakani. Huko kuna joto na mashamba makubwa ya michungwa, na michungwa ni chakula akipendacho nondo huyu. Kwa hiyo tangu mwaka 2018 haitoshi kusema tu kwamba hoho zimekaguliwa. Yapasa ithibitishwe kwamba zimetoka katika nchi au sehemu asikokuwako nondo huyo, au katika shamba linalochungwa kwa utaratibu maalumu, au kwamba zimetibiwa, kwa baridi kali kwa mfano. Wakulima wengine hulima ndani ya nyumba za wavu mwembamba na kutundika mitego yenye harufu ya nondo jike, ili madume yakija yanaswe na kuhesabiwa.

Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya wadai cheti kwa karibu kila mboga na tunda bichi, hata kama limo ndani ya mkoba wa abiria. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: ndizi, nazi, nanasi, tende na doriani. (Wenzetu wa Pwani na Visiwani wana bahati, maana zawadi zao karibu zote zimo!) Embe halimo, kwa ajili ya inzi wa matunda.

Sikatai kwamba sheria hizi ni nzito kwa mtu mwenye nusu eka. Wavu ni ghali, mitego ni ghali, na shehena moja ikichomwa yaweza kummaliza kabisa. Kwa maoni yangu wale wanaonunua kwake wangepaswa kuchangia gharama hiyo, maana nao wafaidika. Lakini siwezi kuiita sheria ya uonevu, kwa kuwa sisi wenyewe tumeonja matokeo ya mlango ulio wazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambulikana Tabora mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, akisaga mahindi ghalani yakawa unga. Ndiye dumuzi, na leo yuko katika nchi nyingi za Afrika. Kisha akaja kantangaze, nondo wa nyanya, mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania. Mwaka 2014 alikwisha fika Arusha. Jike mmoja huweza kutaga mayai 260. Huruka mwenyewe, lakini husafiri vizuri zaidi ndani ya matenga ya nyanya, naye hana pasipoti. Shamba lisilolindwa laweza kupotea karibu lote.

Kwa hiyo Tanzania nayo yadai kibali kabla ya mimea kuletwa kutoka nje, na cheti kutoka huko itokako, japokuwa ni miche michache tu iliyofungwa kwenye gazeti.

Anayetaka kumwona kantangaze kwa macho yake na aje bustani ya shule, nyuma ya bwalo. Achume jani la nyanya lenye mabaka meupe, alielekeze kwenye jua. Atamwona humo ndani, baina ya ngozi mbili za jani, angali anakula.