Miaka ya Mwanzo ya Mtoto Mwenye Sindromu ya Down

Azaliwapo mtoto mwenye sindromu ya Down huku Kwala, wilayani Kibaha, kama kwingineko katika pwani yetu, swali la kwanza aghalabu halimhusu yeye bali mamaye: alikula nini alipokuwa mjamzito, alimcheka kilema gani, alimkosea mzee yupi wa ukoo. Swali hilo ni dhuluma, maana jawabu limejulikana tangu 1959, mwaka ambao Jérôme Lejeune na wenzake huko Paris walibainisha kwamba mtoto wa namna hii ana kromosomu 47 badala ya 46, ile ya ziada ikiwa ya 21. Ziada hiyo kwa kawaida hutokea yai lijigawapo, kabla mimba haijatunga, pasipo taksiri ya mama wala ya baba. Ni kweli kwamba umri wa mama huongeza uwezekano, hata akifika miaka 40 ukawa takriban mtoto 1 katika 100. Lakini kwa kuwa wanawake vijana ndio wazaao zaidi, mama wengi wa watoto hawa ni vijana.

Hasara ya kutafuta mkosaji ni kwamba miezi hupita. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu katika kuta zitenganishazo vyumba vyake, na moyo wa namna hiyo huweza kukaa wiki kadhaa bila kutoa ishara. Kwa hiyo kila mmoja wao, hata aliyenenepa na kuchangamka, sharti apimwe moyo mapema. Toka Kwala ipo barabara ya zege mpaka Vigwaza, iliyojengwa kwa ajili ya makontena ya bandari kavu, kisha barabara kuu mpaka Mlandizi na hospitali ya Tumbi, na kwa rufaa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako watoto hupasuliwa na matundu hayo kuzibwa. Safari hiyo ina gharama, sikatai. Ila nimeona ukoo ukichanga fedha ya mganga kwa siku moja, na ya nauli ikakosa mchangaji.

Nyumbani, kazi ya mwanzo ni kunyonyesha. Misuli ya mtoto huyu ni legevu, ulimi hutokeza, na usingizi humchukua kabla hajashiba. Mama humwinua kichwa kikawa juu kuliko tumbo, hulibeba titi kwa kiganja huku kidole gumba na cha shahada vikikishika kidevu na mashavu ya mtoto, na akisinzia humkuna nyayo; maziwa yaliyosalia huyakamua kikombeni akamnywesha kidogo kidogo. Lakini akitoka jasho usoni kila anyonyapo, au midomo ikigeuka buluu, hapo si suala la kunyonyesha tena, ni la tabibu, na ni siku hiyo hiyo.

Kutembea kutachelewa, pengine hadi miaka miwili au zaidi. Kusema kutachelewa zaidi, na hapa ndipo watu wengi humdhulumu kwa kudhani hafahamu. Wengi wao husikia kwa shida kwa sababu ya majimaji yajikusanyayo nyuma ya kiwambo cha sikio, basi na masikio yapimwe pia. Wakati huo huo afunzwe ishara, mkono kinywani kwa kula, viganja wazi kwa kwisha, kila ishara ikiandamana na neno lake likitamkwa kwa sauti. Ishara hazimfanyi mvivu wa kusema, bali humtangulizia maneno.

Shule ni haki yake kwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na zipo shule za msingi zenye kitengo cha elimu maalumu. Mzazi asingoje mpaka aitwe. Katika nchi zenye upasuaji wa moyo na matibabu ya uhakika, watu wa hali hii, ambao miaka ya 1940 hawakutarajiwa kupita umri wa miaka 12, sasa hufikia 60. Maana yake mtoto huyu huenda akawazika wazazi wake, na yafaa tangu sasa afunzwe kuoga, kufunga vifungo na kusonga ugali mwenyewe, na ijulikane mapema ni ndugu yupi atakayekaa naye.