Usiulize kutu, uliza chanjo

Fundi mmoja wa jua kali kutoka Kariobangi aliingia kliniki yangu akichechemea. Alikuwa amekanyaga msumari siku nne kabla, akapaka kidonda grisi na kurudi kazini. "Daktari, sikuogopa," akasema, "msumari haukuwa na kutu."

Wengi wetu mitaani tunaamini hivyo, lakini kutu haileti pepopunda. Huletwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani, ambaye makao yake ni udongo na samadi. Msumari humbeba tu.

Bakteria huyu hawezi kukua penye oksijeni. Akiwa vumbini, hujifungia ndani ya ganda gumu akalala miaka mingi bila kula. Kidonda chembamba kilichoingia ndani humfaa sana: nyama imekufa, damu haifiki, hewa hakuna. Hapo ganda hufunguka, naye huamka na njaa.

Anakula nini? Bakteria wengi hupenda sukari. Huyu hutegemea hasa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini kama matofali yajengavyo nyumba. Nyama iliyokufa imejaa protini, lakini protini nzima haiwezi kupita kwenye utando unaomzunguka bakteria. Kwa hiyo hutoa vimeng'enya vya kuikatakata kwanza, kisha vipande huingia kupitia milango maalumu iliyo katika utando.

Milango hiyo huendeshwaje? Bakteria hutumia nguvu kusukuma nje sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Sodiamu ikizidi nje, huelekea kurudi ndani, na ipitapo mlangoni huingia pamoja na asidi amino. Mwaka wa 2003, wanasayansi wa Ujerumani waliosoma jeni za bakteria huyu waliikuta mitambo mingi inayotumia sodiamu hivyo.

Baadhi ya asidi amino huvunjwa kumpa nguvu. Nyingine huunganishwa upya, na hapa ndipo penye hatari. Sumu ya pepopunda yenyewe ni protini, mnyororo wa asidi amino 1,315. Sumu hiyo hupanda kupitia neva hadi uti wa mgongo, ikazima amri zinazolegeza misuli. Taya hukaza, kisha shingo na mgongo, hata mgonjwa akashindwa kupumua. Dawa za kuua bakteria haziwezi kuing'oa sumu iliyokwisha kushika neva.

Basi ukijeruhiwa, mnyime chakula na maficho. Osha kidonda kwa sabuni na maji safi mengi. Usipake grisi, majivu wala samadi. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, uchafu na nyama iliyokufa viondolewe. Ikiwa kidonda ni kirefu au kichafu na sindano yako ya mwisho ilikuwa zaidi ya miaka 5 iliyopita, utahitaji nyingine.

Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na kina mama huchanjwa wakiwa wajawazito. Anayesahaulika ni baba, ambaye pengine hajadungwa tangu utotoni, naye ndiye ashikaye misumari na mabati kila siku.

Fundi wangu alibahatika: taya lake lilikuwa bado linafunguka. Tulisafisha kidonda, tukamchanja. Wewe je, ulichanjwa lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, usingoje msumari ukukumbushe.