Mto Uliowaka na Picha Isiyo Yake

Kila nilitajapo jiji la Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, rafiki yangu mmoja hunikatiza: "Si kule ulikowaka mto?" Naam, ndiko. Lakini waliokieneza kisa hicho hawakukisimulia chote.

Mnamo Juni 22, 1969, mafuta na takataka vilivyoelea juu ya Mto Cuyahoga vilishika moto. Ulizimwa upesi mno hata wapiga picha wa mjini hawakuuwahi. Mwezi Agosti jarida la Time likalihadithia taifa zima, likiambatanisha picha ya kutisha ya boti iliyomezwa na ndimi za moto. Kumbe picha ilikuwa ya moto mwingine, wa mwaka 1952!

Hapo ndipo ninapoudhika. Sisemi mto ulikuwa safi. Ulikuwa umekwisha kuwaka mara kadhaa. Lakini wenyeji hawakuwa wamelala. Mwaka 1968 walipiga kura kuidhinisha mkopo wa dola milioni 100 za kuusafisha. Naye meya Carl Stokes, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji kubwa nchini humo, aliwapeleka waandishi mtoni siku ya pili akawaonyesha uchafu ulikotoka. Ziara hiyo nani anaikumbuka?

Mwaka 2019, miaka hamsini baadaye, vikwazo vya kula samaki wa mto huo vililegezwa. Nilimpasha rafiki yangu habari hiyo kwa furaha. Akaniuliza iwapo samaki hao huvuliwa wakiwa wamekwisha kuchomwa.