Nani Amwambie Mtoto?

Mtoto wa Bagamoyo akigundulika ana saratani, safari yake ni ya kilomita 70 hivi hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako huduma ya saratani ya watoto ilihamia mwaka 2011 kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mama hufuatana naye, baba hubaki Dunda au Mlingotini kutafuta riziki, ndugu zake hupelekwa kwa bibi au kwa shangazi. Tangu hapo habari hufika nyumbani vipandevipande kwa simu. Baba huambiwa ni uvimbe, bibi huambiwa mtoto anaendelea vizuri, na mgonjwa mwenyewe huambiwa asiulize sana, atapona karibuni. Kila mmoja anamhurumia mwenzake, ila kwa huruma hiyo mtoto ndiye anayeachwa peke yake na hofu yake.

Maana mtoto anajua. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alikaa na watoto wenye saratani ya damu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 akaonyesha kwamba walifahamu hali yao, hata kukaribia kwa kifo, bila kuambiwa na mtu mzima. Walisikiliza, walitazama, waliulizana wao kwa wao. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa waliona wakubwa hawataki kuzungumza. Wodi ni wodi popote: nywele zinanyonyoka, dripu inaning'inia, na kitanda cha jirani kinakuwa kitupu bila mtu kusema aliyekilalia amekwenda wapi.

Kunyamaza huku kunagusa hata matibabu. Chukua limfoma ya Burkitt, uvimbe wa saratani ambao mara nyingi huota tayani, na ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini dozi za mwanzo nazo huweza kuuyeyusha kwa siku chache tu. Baba aliyeambiwa "uvimbe" basi, akiona taya limerudi sawa, ana haki ya kuuliza nauli ya kurudi Dar ni ya nini tena. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kuacha matibabu njiani ni mojawapo ya sababu linazozitaja.

Wapo watakaosema kulitaja gonjwa mbele ya mtoto ni uchuro, au ni kumvunja moyo. Hofu hiyo inatokana na mapenzi, haifai kubezwa. Lakini watafiti wa Sweden, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, waliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani. Kati ya 147 waliokuwa wamezungumza na mtoto juu ya kifo, hakujuta hata mmoja. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Ni kweli, Sweden si Pwani, na baba wa huku kumkabili mwanawe kwa maneno kama hayo huenda kukamshinda.

Ila nani kasema lazima awe baba? Pwani haijawahi kumwachia mzazi peke yake maneno mazito. Mambo ya utu uzima yana somo na kungwi wake. Aibu na hofu ambazo mama hawezi kuzigusa, bibi huzigusa kwa utani wake na mjukuu. Ukoo ukae, uchague msemaji mmoja ambaye mtoto anamwamini. Si lazima aseme yote siku moja. Amtajie ugonjwa kwa jina lake, amhakikishie kwamba hakufanya kosa lolote, amweleze kesho atafanyiwa nini na kwa nini ataumwa kidogo, kisha amwache aulize. Akiulizwa asilolijua, aseme atamuuliza daktari, na kweli amuulize. Ndugu waliobaki nyumbani nao waambiwe hayohayo, kwa kuwa wao hudhani ugonjwa unaambukiza, au kwamba ulitokana na ule ugomvi wao wa juzi.

Msemaji huyo hatafaa kitu kama naye anategemea habari za simu. Nauli yake ya kwenda Muhimbili mara moja, akae na mama huku daktari akieleza, itengwe mapema pamoja na nauli ya mgonjwa.